Kalamu ya Wino ya Mzee: Namna ya Kujua Ilikotoka na Umri Wake

Mitaa ya Kinyinya ni michanga kuliko vitu vilivyomo ndani ya nyumba zake. Gacuriro na Kagugu zimejaa majengo mapya, lakini fungua droo ya mzee aliyestaafu ualimu au ukarani, pekua chini ya vyeti vya ubatizo na funguo ambazo hakuna anayejua ni za mlango gani, na usishangae ukikuta kalamu ya wino. Wino umekauka, kifuniko kimeng'ang'ania, na kila mtu nyumbani ana lake la kusema: ilikuwa ya babu, alipewa na padri, ilitoka Ubelgiji, ni dhahabu tupu.

Hadithi hizo zisitupwe, ila zisitangulie. Kalamu yenyewe ndiyo inayosema ilitengenezwa lini na wapi. Watu wa nyumbani ndio wanaosema ilikuwa ya nani na ilifikaje. Anayeanza na hadithi huishia kuona kwenye kalamu kile alichokwisha kuambiwa. Soma maandishi, chuma na plastiki kwanza, kisha rudi sebuleni ukaulize.

Kinyinya ina sababu zake za kuwa na kalamu za kila namna. Waliorudi Rwanda baada ya 1994 kutoka Uganda na Kenya walitoka kwenye nchi zilizosoma kwa Kiingereza, ambako kalamu za Uingereza zilikuwa jambo la kawaida: Parker, Osmiroid, Platignum. Waliotoka Bujumbura, Bukavu na Goma walipitia shule na ofisi za Kifaransa, kwa hiyo Waterman haiwi ngeni kwao. Waliotoka Tanzania wanaijua Hero ya Shanghai. Halafu kuna Wajerumani. Wasikilizaji wa Kiswahili wanaijua Deutsche Welle, Sauti ya Ujerumani, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba kwa miaka hamsini masafa mafupi yake yalirushwa kutoka kilima cha Kinyinya. Mitambo ilianza kazi 1965 na ikazimwa Machi 2015. Leo kilima hicho kinatajwa zaidi kwa mradi wa Green City Kigali. Ongeza urafiki wa jimbo la Rheinland-Pfalz na Rwanda, ulioanza 1982 na kuunganisha shule za huku na za kule, na utaona kwa nini Pelikan au Geha iliyokutwa hapa haihitaji maelezo marefu.

Kabla ya kusoma chochote, jizuie. Kalamu nyingi za zamani huharibiwa na mtu anayetaka kuzijua, si na miaka. Usivute kwa nguvu wenzo wa pembeni wa kujazia wino ukikataa. Ndani kuna mfuko wa mpira uliogeuka mgumu, na ukilazimisha utapasua mwili wa kalamu. Usitumie spiriti wala kiondoa rangi ya kucha, kwa kuwa huyeyusha plastiki za zamani. Usitumie maji ya moto. Na usijaribu ule mtihani wa sindano iliyochomwa motoni, ambao baadhi ya watu huutumia kutambua plastiki: kalamu nyingi za miaka ya 1920 hadi 1940 zilitengenezwa kwa seluloidi, na seluloidi hushika moto upesi sana. Vifaa unavyohitaji ni taa ya simu, kioo cha kukuza kama kile cha fundi saa, kipande cha chaki nyeupe, kitambaa laini na glasi ya maji baridi. Shingo ya kalamu iliyoganda kwa wino huloweshwa humo, nibu ikitazama chini, bila kuzamisha mwili mzima. Kama mwili ni wa eboniti, yaani ule mpira mgumu mweusi, maji yanaweza kuufanya ubadilike kuwa kahawia, na rangi hiyo hairudi.

Maandishi kwenye kalamu nyingi yamechongwa kwa kina kidogo mno, na mikono ya miaka arobaini imeyalainisha. Zima taa ya chumba, washa ya simu na uilaze karibu ilingane na kalamu, mwanga upite ubavuni badala ya kupiga kutoka juu. Zungusha kalamu polepole. Herufi zilizokuwa hazionekani hujitokeza kama kivuli. Zikikataa bado, paka chaki kwa wepesi na ufute juu. Unga hubaki kwenye michoro. Tazama sehemu nne: mwili, ukingo wa kifuniko, kile kishikizo cha kuning'inizia mfukoni, na nibu. Piga picha kila sehemu kwa simu na uikuze. Jicho la simu mara nyingi hushinda la mtu mzima. Andika kila herufi kama ilivyo, hata nukta na vijistari. Alama hizo ndogo ndizo zitakazotoa mwaka na robo yake.

Kabla ya miaka, tazama kalamu inavyokunywa wino, maana huko ndiko mpaka wa kwanza uliko. Zilizo kongwe hujazwa kwa kidondoshi: unafungua shingo na kudondoshea wino ndani ya mwili. Wenzo wa pembeni ulipewa hataza na Walter Sheaffer mwaka 1908, ukaenea kuanzia miaka ya 1910, na uliendelea kutumika kwenye kalamu za bei nafuu hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo wenzo peke yake hauthibitishi ukongwe. Pistoni ya kuzungusha mkiani ilikuja kwa nguvu na Pelikan mwaka 1929. Kibomba cha chuma chenye bamba la kubonyeza, unachokiona ukifungua mwili, kilianza kwenye Parker 51 mwaka 1948. Kabla ya hapo Parker 51 ilijazwa kwa kitufe cha kusukuma mkiani. Katriji ya plastiki ilianza na Waterman CF mwaka 1953. Akitokea mtu na kalamu ya katriji ya plastiki akidai ilikuwa ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeianzisha Kigali mwaka 1907, mpe chai na umsikilize kwa adabu, ila usimlipe.

Kifaa hiki cha kunywa wino kinatoa mwaka wa mapema zaidi unaowezekana, na ni mpaka wa chini tu. Kalamu ya katriji inaweza kuwa ya 1955 au ya 2015. Mpaka wa juu unatafutwa kwingine.

Parker ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi, na ndiyo inayosomeka vizuri kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapo. Kwa zile za zamani zilizotengenezwa Marekani, tafuta kwenye mwili tarakimu moja iliyokaa karibu na neno la nchi, na nukta pembeni yake. Tarakimu ni ya mwisho ya mwaka. Nukta zinahesabu robo, nazo zinapungua jinsi mwaka unavyokwenda: tatu kwa robo ya kwanza, mbili kwa ya pili, moja kwa ya tatu, hakuna kwa ya nne. Tarakimu 8 yenye nukta moja kwenye Parker 51 ni robo ya tatu ya 1948, kwa kuwa aina hiyo haikuuzwa kabla ya miaka ya 1940 na alama hizo zilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kwa Parker za baadaye, nyingi zikiwa na jina la Uingereza au Ufaransa kwenye ukingo wa kifuniko, mfumo mpya ulianza mwaka 1980. Kampuni ilichukua herufi kumi za neno QUALITYPEN, kila herufi ikasimamia mwaka mmoja kwa mfuatano: Q ni 1980, U 1981, A 1982, L 1983, I 1984, T 1985, Y 1986, P 1987, E 1988, N 1989. Kisha zikaanza upya, Q ikawa 1990, na kuendelea hivyo. Robo za mwaka mwanzoni ziliandikwa kwa herufi E, C, L na I kwa mfuatano huo. Kuanzia 1987 zikawa vijistari vilivyosimama: vitatu kwa robo ya kwanza, viwili kwa ya pili, kimoja kwa ya tatu, na pasipo kitu kwa ya nne. Angalia mtego wake: kijistari kimoja na herufi I hufanana kama mapacha. Ndiyo maana nasisitiza kioo cha kukuza.

Tuseme mama mmoja wa Kagugu amekuletea Parker 45, mwili mweusi, kifuniko cha chuma. Anasema, "Mwanangu, hii ilikuwa ya baba mkwe. Aliinunua mwaka wa uhuru." Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Parker 45 ilianza kuuzwa 1960, kwa hiyo kwa aina ya kalamu maneno yake hayana kasoro. Mtu mvivu angeishia hapo na kuandika 1962. Lakini lete taa. Kwenye ukingo wa kifuniko, baada ya jina la kampuni na la nchi, kuna vijistari viwili na herufi N. N ni 1989 au 1999. Vijistari viwili ni robo ya pili, Aprili hadi Juni. Mwaka wa uhuru umeondoka. Sasa ndipo hadithi ya nyumbani inapopata kazi yake. Muulize: "Mama, mlirudi mwaka gani?" Akikujibu kwamba walitoka Kampala 1995 na baba mkwe tayari alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati, 1999 nayo inaanguka. Kalamu ni ya katikati ya 1989, na hakuna aliyedanganya: huenda mzee alikuwa kweli na kalamu ya mwaka wa uhuru, ikapotea, na sifa yake ikahamia kwa iliyofuata. Hutokea mno.

Jambo moja limebaki kwenye mfano huo. Alama iko kwenye kifuniko, na kifuniko cha Parker 45 hukaa vizuri kwenye Parker 45 nyingine yoyote. Linganisha uchakavu: kama kifuniko kimekwaruzika na mwili unang'aa kama wa jana, una nusu mbili za kalamu mbili. Hapo tarehe uliyosoma ni ya kifuniko tu, na useme hivyo.

Kalamu za Ujerumani hazina neno la siri kama la Parker, lakini historia ya nchi yenyewe imewasaidia wasomaji. Maandishi W. Germany, kwa maana ya Ujerumani Magharibi, yanaiweka kalamu kati ya 1949 na 1990, miaka ambayo nchi hiyo ilikuwapo. Germany bila W ni gumu zaidi: inaweza kuwa kabla ya hapo, inaweza kuwa baada, na Pelikan 400, iliyotoka 1950, ilibeba jina la kampuni yake, Günther Wagner, na neno Germany tupu. Kwa Pelikan tazama pia nembo juu ya kifuniko. Mama mwari aliyekuwa na vifaranga wawili alibakiwa na mmoja mwaka 2003, hivyo kifaranga mmoja ni kalamu ya karne hii, hata ikiwa mwili umeigwa kutoka miaka ya 1950. Ile ya wanafunzi, Pelikano, ilianza 1960. Lamy Safari, ya plastiki yenye shingo iliyobonyea kuongoza vidole, ilianza 1980, nayo ingali inatengenezwa hadi leo; uzee wake usidhaniwe kwa sababu tu imechubuka. Geha ilikuwa mshindani wa Pelikan mjini Hannover hadi Pelikan ilipoinunua mwaka 1990, na nyingi za shule zina akiba ndogo ya wino inayofunguliwa wino mkuu ukiisha katikati ya mtihani. Sijui kwa nini wengine hawakuiga wazo hilo.

Za Ufaransa huzungumza kupitia dhahabu. Sheria ya huko kwa muda mrefu haikukubali kitu chini ya karati 18 kiuzwe kama dhahabu, ndiyo maana nibu za soko la Ufaransa huandikwa 18, wakati za Marekani kwa kawaida ni 14 na za Ujerumani huandikwa 585, ambayo ni karati 14 hiyo hiyo kwa hesabu ya maelfu. Ukikuza sana unaweza kuona kichwa kidogo cha tai, muhuri wa serikali ya Ufaransa kwa dhahabu ya karati 18. Bundi ni wa dhahabu iliyoingizwa kutoka nje. Parker ya Marekani yenye nibu ya 18 na bundi, kwa hiyo, ilipitia Ufaransa kabla ya kufika kwenu, na huo ni ushahidi wa njia ambao hakuna mjomba anayeweza kuutoa. Kwa Waterman za zamani, namba kwenye kitako ina maana: katika 52, tano inasema ni ya wenzo na mbili inasema ukubwa wa nibu.

Hero inadharauliwa, na dharau hiyo si ya haki. Zile za 616 zilizopita mikononi mwa wanafunzi na makarani wengi zilifuata umbo la Parker 51: nibu imefichwa ndani ya shingo, ncha tu ndiyo inayoonekana, na kifuniko ni cha chuma. Kwa mbali mtu huapa ni Parker. Jina la Hero, mara nyingi pamoja na maandishi ya Kichina, lipo kwenye ukingo wa kifuniko au kwenye shingo. Mwili ni mwepesi na plastiki yake ni nyembamba. Thamani ya soko ni ndogo. Lakini inaandika, na mara nyingi inaandika vizuri kuliko Parker iliyokauka miaka thelathini.

Nibu isikuongoze kamwe kwenye tarehe. Ni sehemu inayokatika na kubadilishwa upesi kuliko zote, na mafundi waliweka iliyokuwapo. Nibu iliyoandikwa Warranted 14 bila jina la kampuni ni ya akiba, iliyotengenezwa kutiwa kwenye kalamu yoyote. Iridium Point Germany ndiyo inayowapoteza wengi: husomwa kama uthibitisho wa ukale na wa Ujerumani, kumbe huonekana zaidi kwenye kalamu za bei nafuu za miongo ya karibuni, na nyingi kati yake ziliunganishwa Uchina. Osmiroid na Esterbrook zilitengenezwa makusudi nibu ifunguliwe kwa vidole na kubadilishwa, kwa hiyo humo nibu ngeni si kasoro.

Kwa kalamu isiyo na maandishi yoyote, tumia pua. Sugua mwili kwa kidole gumba mpaka upate joto, kisha unuse. Harufu ya kiberiti ni eboniti, na rangi nyeusi iliyofifia kuwa kama ya kahawa yenye maziwa inathibitisha. Harufu ya kafuri ni seluloidi. Pasipo harufu, mwili laini na mstari mwembamba wa kiungo ulioachwa na kalibu, ni plastiki ya kumiminwa, ya baada ya Vita vya Pili. Hapo usidai zaidi ya muongo.

Jina la mtu lililochongwa, lenye tarehe, ni zawadi kwa msomaji, kwa kuwa hutoa mpaka wa juu: kalamu iliyotolewa kwa mwalimu mwaka 1971 haikutengenezwa baada ya 1971. Kuna wauzaji wanaoyapiga msasa majina hayo ili kalamu ionekane mpya. Kwangu mimi ni uharibifu, na mnunuzi anayejua mambo hatalipa zaidi kwa ajili yake, maana msasa huo huo hufuta na alama ya kiwanda.

Wanunuzi wa dhahabu watakwambia nibu pekee ndiyo yenye thamani. Nibu ya kawaida ina dhahabu isiyofika gramu moja. Ikishang'olewa, kalamu nzima imekufa kwa fedha ya siku chache. Kama lazima uuze, uza kalamu kamili, haijasafishwa, pamoja na karatasi yenye mambo manne: maandishi yote uliyoyasoma herufi kwa herufi, miaka iliyobaki baada ya kuondoa isiyowezekana, sehemu unazoshuku zimebadilishwa, na hadithi ya nyumbani ikiwa na jina la aliyeisimulia. Andika "1989 au 1999" ikiwa ndivyo ushahidi unavyosema. Anayeandika mwaka mmoja bila sababu huaminiwa mara moja tu.

Na kama unaibakiza ili iandike, fundi saa mwenye mkono mtulivu anaweza kubadilisha mfuko wa mpira, mradi haanzi na koleo. Tia wino uliotengenezwa kwa kalamu za aina hii, hata wa bei ndogo. Wino wa muhuri, wa printa na ule mweusi wa wachoraji ramani huganda ndani ya njia za wino, na mara nyingi hautoki tena.